Picha ya reli iliyotangulia mipaka ya Serengeti

Tangazo la Reli ya Uganda la mwaka 1908 limechapwa upya mara nyingi hivi kwamba wengi wamekutana nalo bila kujua lilikotoka. Linauzwa kama picha ya kutundika ukutani, linatiwa kwenye kadi za posta, linapamba vitabu vya historia ya Kenya. Treni inapita uwandani na wanyama wa porini wamejaa kando yake. Maandishi yanamwambia msomaji wa Uingereza kwamba kwenda kukaa nyanda za juu za Afrika Mashariki wakati wa baridi ya Ulaya sasa ndiyo mtindo wa makabaila, kwamba wawindaji wa wanyama wakubwa wameifanya safari hiyo burudani yao, kwamba wanaosoma elimu ya viumbe wanajionea maajabu, na kwamba mabehewa ya kutazamia mandhari yanakatiza katikati ya hifadhi ya asili kubwa kuliko zote duniani. Anayetaka maelezo anaelekezwa ofisi ya matangazo ya reli hiyo, Haymarket, London.

Yasome tena maneno hayo uone nani anatajwa. Yumo kabaila, yumo mwindaji, yumo msomi wa viumbe. Mwenye nchi hayumo. Mkulima, mfugaji, mpagazi aliyebeba masanduku ya huyo mwindaji, kuli wa Kihindi aliyezitandika hizo reli, wote wameachwa nje ya tangazo ambalo bila wao lisingekuwa na cha kutangaza.

Naandika juu ya tangazo hili kwa ajili ya wilaya mbili ambazo reli hiyo haikuzifikia kamwe, Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Huko hakuna stesheni wala mluzi wa treni. Lakini ninaamini kuwa picha ya aina ile, picha ya nyika yenye wanyama tele na isiyo na mwenyewe, ilifika Mara kabla ya sheria za hifadhi, kabla ya vigingi vya mpaka, na kabla ya mageti. Waliokuja baadaye na ramani na amri walikuwa tayari wameiona nchi hii kwa macho ya tangazo.

Reli yenyewe ilihitaji sana kutangazwa. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899, na Desemba 1901 chuma kikagusa Ziwa Victoria mahali palipoitwa Port Florence, Kisumu ya leo. Gharama ilipita pauni milioni 5, fedha za walipa kodi wa Uingereza. Waliletwa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa, kwa maradhi, kwa ajali, na wengine kwa meno ya simba wa Tsavo mwaka 1898. Bungeni London wapinzani, Henry Labouchere akiwa mbele yao, waliibeza kuwa ni reli ya wendawazimu. Ilipokamilika ikawa na tatizo ambalo kila mwenye chombo cha usafiri analijua: gari lipo, barabara ipo, abiria na mzigo haba. Ikabidi watafutwe walowezi wa kulima mashamba makubwa, na watafutwe matajiri wa kuja kutazama na kuua wanyama.

Bahati ilikuwa upande wao. Mwaka 1907 Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, alipanda treni hiyo akiwa ameketi kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini, juu ya kile chuma cha kusukumia ng'ombe waliokaa njiani. Mwaka uliofuata akatoa kitabu cha safari yake. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani Marekani, aliteremka Mombasa na kuketi kwenye benchi la namna hiyohiyo. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, na shehena ya ngozi na mifupa ikapelekwa Taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Magazeti ya Ulaya na Marekani yakafanya kazi ambayo hakuna ofisi ya matangazo ingeweza kuilipia.

Sasa tulisogelee tangazo kama kitu cha karatasi na wino, maana hapo ndipo upotevu wa kwanza ulipotokea. Zama hizo bango la rangi lilichapwa kwa mawe. Kwanza mchoraji alipaka picha kamili kwa mkono. Picha hiyo ilikabidhiwa kiwanda cha uchapaji, na mafundi wa huko, ambao si yeye, waliinakili upya juu ya mabamba ya mawe ya chokaa yaliyolainishwa. Yaliyosifika zaidi yalichimbwa Solnhofen, Bavaria. Fundi alichora kwa kalamu yenye mafuta. Jiwe likaloweshwa maji, likapakwa wino kwa rola. Wino ulishika penye mafuta ukakataa penye maji. Kila rangi ilikuwa na jiwe lake: la njano, la nyekundu, la buluu, na bango moja liliweza kuhitaji mawe kumi au zaidi, karatasi ikipitishwa kwa kila moja kwa zamu na kwa uangalifu mkubwa ili twiga asitokee na shingo mbili.

Kazi ikiisha, mawe yalisuguliwa. Fundi alimwaga mchanga na maji juu ya jiwe, akalikandamiza kwa chuma kizito au kwa jiwe lingine, akalizungusha mpaka picha yote ikafutika, na jiwe likawa tayari kwa tangazo la sabuni au la biskuti. Mchoro wa mkono nao ukabaki bila kazi. Kampuni ya reli ilichonunua ni mabango ya kubandika stesheni, haikuwa na shida na picha ya kutunza. Michoro mingi ya namna hiyo iliachwa kwenye maghala ya wachapaji, ikaviringishwa, ikakatwa, ikatupwa. Kisha ikaja Vita ya Pili ya Dunia: mabomu ya Wajerumani ya 1940 na 1941 yakateketeza sehemu kubwa ya mitaa ya wachapaji na maghala ya vitabu London, na karatasi za zamani zikakusanywa ili zirudishwe viwandani. Mabango yenyewe hayakutengenezwa yadumu. Yalibandikwa, yakafunikwa na mengine, yakaloweshwa na mvua. Linaloitwa leo tangazo la Reli ya Uganda ni chapa, na watu hulitaja kwa jina la reli, si la mchoraji.

Mchoraji mwenye jina alikuwa na nafuu kidogo. Mwaka 1924 kampuni ya reli ya Uingereza iliyojulikana kama LMS ilimsikiliza Norman Wilkinson, mchoraji wa bahari, ikaagiza mabango kutoka kwa wachoraji mashuhuri wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa. Mchoro wa mtu wa namna hiyo uliheshimiwa kama mali. Huyu wa kawaida, aliyelipwa ujira wake na kurudi nyumbani, alifutika pamoja na jiwe.

Marekani kuna kisa kinachoonyesha vizuri zaidi nguvu ya picha iliyolipiwa na reli, na nakileta hapa kwa sababu bila kisa hicho historia ya Serengeti haieleweki. Mwaka 1871 mchoraji Thomas Moran alifuatana na msafara wa mtaalamu wa miamba Ferdinand Hayden kwenda Yellowstone. Sehemu ya nauli yake, dola 500, ilitoka kwa Jay Cooke, mfadhili wa Reli ya Northern Pacific, aliyekuwa anatafuta sababu ya kuwapandisha watu treni kuelekea kaskazini magharibi. Michoro ya Moran na picha za kamera za William Henry Jackson zilionyeshwa kwa wabunge. Machi 1, 1872 Rais Ulysses Grant akatia saini sheria iliyoifanya Yellowstone kuwa hifadhi ya taifa, na bunge likanunua mchoro mkubwa wa Moran kwa dola 10,000.

Katika nchi hiyo waliishi na kuwinda Washoshone, Wacrow na wengineo. Miaka michache baadaye wakaondolewa, na watalii wakaambiwa kwamba Wahindi Wekundu waliogopa chemchemi za maji moto kwa hiyo hawakuwahi kukaa pale. Huo ulikuwa uongo. Miongo kadhaa baadaye reli nyingine, Great Northern, ilifanya kinyume kwa namna yake: ilimwajiri Winold Reiss, mzaliwa wa Ujerumani, achore sura za Wablackfeet, na kuanzia 1928 sura hizo zikapamba kalenda zake kwa miaka mingi. Reiss aliwachora kwa heshima, kila mtu na uso wake. Lakini ardhi iliyotangazwa kwa sura hizo, hifadhi ya Glacier, ilikuwa imeshatoka mikononi mwao. Kuingizwa kwenye picha peke yake, kama ardhi haifuati, hakutoshi.

Turudi Mara. Mwaka 1908 tangazo lilipotoka, Tarime na Serengeti zilikuwa upande wa Wajerumani. Mpaka uliwekwa na makubaliano ya 1886 kati ya Berlin na London: mstari ukatoka ufukwe wa mashariki wa Ziwa Victoria, palipo nyuzi 1 kusini mwa ikweta, ukanyooka hadi Kilimanjaro. Ulipita katikati ya Wakurya. Ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta huyu wa Mwingereza, yule wa Mjerumani, na mpaka leo misiba na harusi za Tarime zina wageni kutoka Kuria, Kenya. Reli haikuvuka mstari huo, lakini meli zake zilivuka. Idara ya reli iliendesha vyombo vya ziwani kutokea Kisumu, na Musoma ikaja kuwa moja ya bandari zake. Mtu wa Mara aliyetaka kwenda pwani ya Mombasa alianzia majini, akamalizia kwenye behewa.

Wajerumani nao walikuwa na picha zao. Wilhelm Kuhnert, mchoraji wa wanyama aliyekuja Afrika Mashariki yao mara kadhaa kuanzia mwaka 1891, aliwafundisha Wajerumani simba wa porini anafananaje, na kazi zake zilifika hadi kwenye kadi za chokoleti za Stollwerck. Mwaka 2018 jumba la Schirn, Frankfurt, lilifanya maonyesho makubwa juu yake na juu ya jinsi brashi yake ilivyojenga sura ya Afrika katika vichwa vya watu. Maswali yanayoulizwa Frankfurt yanatuhusu sisi zaidi kuliko wao.

Aliyeunganisha abiria wa tangazo na ardhi ya Mara ni Mmarekani Stewart Edward White. Mwaka 1913 aliondoka Nairobi, mji uliozaliwa na reli, akiwa na R. J. Cuninghame, mwindaji aliyekuwa ameuongoza msafara wa Roosevelt. Walielekea kusini kwa miguu na wapagazi wao, wakavuka mpaka, wakapita nchi kavu iliyoungua moto, kisha wakafika mto Bologonja, kaskazini mwa Serengeti. White aliona miti ya kijani, maji na makundi ya wanyama yasiyohesabika, akaandika kama mtu aliyefika peponi. Kitabu chake cha 1915 kiliitangaza nchi hiyo kuwa imegunduliwa upya.

Kwa macho yake alikuwa sahihi: aliona watu wachache. Kosa liko katika kudhani kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote. Miaka ishirini na ushee nyuma, sotoka ilikuwa imeingia Afrika Mashariki na kuua ng'ombe kwa kiwango ambacho wazee walikuja kukitumia kuhesabia miaka. Ndui ikafuata, na njaa juu yake. Oscar Baumann, Mwaustria aliyekatiza Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892, aliwakuta Wamasai wakiwa mifupa mitupu, wakiokota chochote cha kutia tumboni. Magharibi mwa nyika, Waikoma, Wanata, Wangoreme na Waisenye walikuwa wakihama na kujipanga upya kwa sababu ya njaa hiyo na ya mashambulizi. Mashamba yakaachwa, vichaka vikaota, na penye vichaka mbung'o wakaingia na malale yao. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alionyesha jinsi mambo hayo yalivyofuatana katika Tanganyika nzima: mifugo kufa, watu kupungua, pori kurudi, wanyamapori kuongezeka. Pepo ya White ilikuwa imeota juu ya mahame.

Na hata baada ya yote hayo watu walikuwepo. Jan Bender Shetler, mwanahistoria aliyeishi Mara na kuchapisha kitabu juu ya kumbukumbu za Serengeti mwaka 2007, alitembea na wazee wa magharibi mwa hifadhi wakamtajia mahame kwa majina, chemchemi kwa majina, vilima kwa majina, na mahali pa matambiko ambapo mizimu ya koo huheshimiwa. Wanata husimulia kwamba walitokana na mwindaji Nyamunywa na mkulima Nyasigonko, mwanamume aliyetoka nyikani na mwanamke mwenye nafaka, wakakutana na kuanza maisha. Waikoma wana Machaba, pembe za ndovu walizopewa na mganga mkubwa wa Kitaturu, na mambo mazito ya kabila hayaendi bila hizo. Kwa hiyo mwindaji, mkulima na tembo wamo pamoja katika simulizi za nchi hii tangu mwanzo, wala hakuna aliyemtoa mwenzake. Nikiyasikia hayo ninaona picha iliyokamilika kuliko ile ya Haymarket, na inaniuma kwamba hakuna aliyelipwa kuichora.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaisha, Waingereza wakaishika Tanganyika, na magari yakaanza kufika Seronera, katikati ya Serengeti. Miaka ya 1920 White alirudi, safari hii na wapiga mishale wa Kimarekani Saxton Pope na Arthur Young. Simba waliuawa kwa idadi iliyowatia hofu hata maofisa wa wanyamapori. Mwaka 1921 serikali ikatenga pori dogo la akiba la ekari 800, mwaka 1929 ikaweka ulinzi kamili, na mwaka 1951 Serengeti ikawa hifadhi ya taifa. Angalia mpangilio huo. Walioleta upungufu wa simba walikuwa wageni wenye bunduki na magari, abiria halisi wa lile tangazo. Wakati wa kubeba gharama ulipofika, aliyezuiwa kuingia alikuwa mwindaji wa Ikoma mwenye upinde, ambaye tangu hapo jina lake ni jangili.

Mwaka 1959 Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti kwenda Ngorongoro. Mwaka huohuo mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, Bernhard Grzimek, alitoa filamu yake juu ya Serengeti, aliyoitengeneza pamoja na mwanawe Michael, aliyefariki ndege yao yenye mistari ya pundamilia ilipoanguka Januari. Filamu ikapata Oscar mwaka 1960. Siipuuzi kazi ya Grzimek. Yeye na mwanawe walihesabu wanyama kwa ndege wakati ambao karibu hakuna aliyekuwa akifanya hivyo, na msiba wake ulikuwa mkubwa. Lakini ujumbe uliobaki kwa watazamaji wa Ulaya ulikuwa ndugu wa tangazo la 1908: pana mahali patakatifu pa wanyama, na mtu wa hapo ndiye hatari. Miaka ya 1960 kipande cha Lamai, kati ya mto Mara na mpaka wa Kenya, kikaongezwa kwenye hifadhi, na Wakurya waliolima na kuchunga huko wakaondoka. Leo hifadhi ina kilomita za mraba 14,763, na tangu 1981 ni urithi wa dunia. Kata za Tarime zinazopakana nayo, Nyanungu, Kwihancha na Gorong'a, zimeishi na mgogoro wa mpaka ambao hauishi kusemwa: ng'ombe kakamatwa, shamba liko ndani, tembo kala mahindi.

Mwandishi wa mabango angesema kwamba hayo yote ni mbali na sanaa. Mimi nasema ni sanaa kabisa. Mtu hawezi kumhamisha mkulima kutoka mahali ambapo tayari amemwona akilima. Anaweza kumhamisha kwa urahisi kutoka mahali ambapo kila picha aliyowahi kuiona haina mkulima.

Waingereza wenyewe walifahamu thamani ya kuwaweka watu pichani walipotaka kuuza kitu kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Bodi ya Masoko ya Dola, iliyokusudia kuwashawishi Waingereza wanunue bidhaa za makoloni, ilimpa Adrian Allinson kazi ya mabango mawili juu ya usafiri wa Afrika Mashariki, moja la mtindo wa zamani na moja la mtindo mpya. La zamani ni la wapagazi na mizigo yao. Humo Mwafrika yumo, kwa kuwa humo anahitajika: yeye ndiye ukale ambao reli na magari yamekuja kuuondoa. Akitangazwa simba, Mwafrika hayupo. Ikitangazwa reli, yupo kama kitu kinachopitwa. Sijaona bango la enzi hizo linalomwonyesha akiwa abiria, ilhali hesabu za reli zenyewe zilitegemea maelfu ya abiria wa daraja la tatu.

Ziko picha ambazo hazikuagizwa na mtu. Kwenye majabali ya Moru, kusini mwa Seronera, Wamasai waliacha michoro yao juu ya mwamba, kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi: ngao nyingi zenye nakshi zilezile za ngao za vita, na kando yake maumbo ya tembo na ya watu. Ukisogea karibu unaona pale rangi ilipoteleza kwenye ufa wa jiwe na mchoraji akaufuata ufa badala ya kushindana nao. Jirani kuna mwamba unaolia ukigongwa, uliojaa vishimo vya mikono ya vizazi. Waongozaji watalii huwapeleka wageni hapo, mara nyingi kama kituo cha kunyoosha miguu kabla ya kwenda kuwatafuta faru. Ningependa mpangilio ugeuzwe. Picha za Moru ndizo ushahidi wa wazi kabisa, ndani ya hifadhi, kwamba nchi hii ilikuwa na wachoraji wake kabla haijawa na mageti.

Hata sanaa tunayoiita yetu haikuepuka. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuuza vibao vyake Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi ya kupakia baiskeli juu ya mbao laini za dari, alichora mengi, watu wakiwemo. Wateja wakubwa walikuwa wageni wa Oysterbay, na baada ya kifo chake mwaka 1972 soko likawavuta wafuasi wake zaidi na zaidi kwa twiga na simba. Siwalaumu, kwani mtu huchora kinacholeta ugali nyumbani. Lakini tazama ubavuni mwa magari ya utalii yanayoingia lango la Ikoma: simba, twiga, mbuyu, jua linazama. Ni bango la Haymarket, limepakwa na kijana wa Arusha.

Mabadiliko yapo, na yameanzia Serengeti kwenyewe. Vijiji vya Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Nata-Mbiso na Makundusi viliunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona, jina lililoshonwa kutoka Ikoma na Nata. Vimetenga ardhi yao wenyewe kwa ajili ya wanyama, na wawekezaji wenye kambi na hoteli humo hulipa fedha zinazofika vijijini. Kuna manung'uniko juu ya mgawo, na yanastahili kusikilizwa. Lakini kisheria na kihesabu wanakijiji wamerudi ndani ya picha.

Sasa kuna kazi mahususi ambayo inaweza kufanywa bila kusubiri mfadhili mkubwa. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, lilichapa mabango, vitabu vya mwongozo na kalenda, na picha za Serengeti na Ziwa Victoria zilikuwa mtaji wake mkubwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika. Mabehewa yakagawanywa, injini zikagawanywa, meli zikagawanywa. Karatasi na picha hazikuwa na wa kuzigombania. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, yanatunza kumbukumbu za reli ya eneo zima, lakini mwanafunzi wa Mugumu au Sirari hatazifikia kirahisi. Nakala nzuri za mabango hayo, zilizopigwa picha na kuchapwa kwa ukubwa wake, zinaweza kuonyeshwa kwenye Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, Butiama, na kuzungushwa kwenye sekondari za Tarime na Serengeti. Nyaraka za Bodi ya Masoko ya Dola ziko Kew, London, na zinapatikana kwa maombi. Waliostaafu kwenye reli na meli wanazeeka; masanduku yao yana kalenda, picha na vyeti ambavyo watoto wao watavichoma siku ya kusafisha nyumba.

Njia aliyopita White haijarudi. Mpaka ulipofungwa Februari 1977, watalii waliozoea kuteremka kutoka Nairobi kupitia Sand River na Bologonja walizuiwa, na ulipofunguliwa 1983 njia hiyo haikufunguliwa kwao. Mgeni wa upande huo leo hupita mpaka wa Sirari, kwa hiyo anapita kwanza Tarime, kwenye migomba, kahawa, mihogo na mifugo, kabla hajamwona nyumbu hata mmoja. Anaingia kwa mlango wa watu. Na reli ya kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma imekaa kwenye mipango ya serikali kwa miaka mingi. Siku mkandarasi atakapopatikana, matangazo yake yaagizwe kwa wachoraji wa Mara, majina yao yaandikwe kwenye karatasi kwa herufi zinazosomeka, mkataba useme kwamba mchoro wa mkono ni mali ya umma, na mchoro huo ukabidhiwe Butiama siku ileile bango la kwanza linapobandikwa.